Jibu: Nimepandishwa cheo, sasa silali. Nimwone mwanasaikolojia au kocha wa uongozi?

Ndugu, kwa kuwa usingizi umekata, anza na mwanasaikolojia. Huenda akakupa dodoso la PHQ-9, maswali 9 kuhusu dalili za sonona katika wiki 2 zilizopita. Alama 10 kwenda juu zinahitaji tathmini kamili kabla ya kugusa mambo ya uongozi. Swali la 9 linahusu kujidhuru. Ukiona linakugusa hata kidogo, mwambie hapohapo, usilipunguze.

Ukocha uje baadaye, na hapo ndipo wengi huumia: mwajiri analipa, kisha anataka kujua mliyozungumza. Kabla ya kikao cha kwanza wekeni maandishi ya pande tatu (wewe, kocha na mwajiri), mwajiri apate malengo na mahudhurio tu. Lengo nalo liwe tendo linaloonekana, mfano kumweleza msaidizi kosa lake faraghani, siku hiyohiyo, bila kufoka. “Kujiamini zaidi” hakupimiki.