Pasi ya nyuma ya mgongo, ni ya kujionyesha tu?

SWALI: Yaya, jambo sana toka Kadutu. Mimi ni mfupi, kwenye ekipi yetu ya basketi njo mimi napandishaka mpira. Koachi anasema pasi ya nyuma ya mgongo ni ya kujionyesha tu, nikirudilia atanikalisha benchi. Mzee mmoja wa kwetu anasema kulikuwaka Mmarekani, Bob Cousy, alikuwa anaitoa zamani na alishinda kila kitu. Ni kweli? Na alikuwa nani?

JIBU: Mdogo wangu, mzee anasema kweli, ila hiyo ya "kila kitu" tutairudia. Cousy alizaliwa New York mwaka 1928, wazazi wake walitoka Ufaransa, na mpaka miaka mitano alikuwa anaongea Kifaransa tu. Alikuwa mita 1.85, kwetu huku ni mrefu lakini kwa wale ni mfupi kabisa. Sekondari walimkataa kwenye ekipi mara mbili, halafu akaanguka toka kwenye mti akavunjika mkono wa kuume, sasa afanye nini, akaendelea kucheza na wa kushoto mpaka ukazoea, na koachi alipoona huyu kijana anatumia mikono yote njo akamwita.

Hata Boston Celtics, ekipi aliyokuja kuchezea, hawakumtaka! Mwaka 1950 koachi wao, Red Auerbach, alimruka, ekipi ingine ikamchukua ikamsukuma kwa ekipi ya Chicago Stags, Chicago wakafunga milango, majina ya wachezaji wao watatu yakatiwa kwenye kofia ili ekipi zingine ziwagawane na Boston wakamtoa Cousy. Kura tu.

Sasa pasi. Auerbach naye alilalamika kama koachi wako, lakini sikiliza alilalamikia nini: mpira ulikuwa unawagonga wenzake kichwani juu hawakuutazamia. Shida ilikuwa mpira haujafika mikononi mwa mtu, hapo mimi niko upande wa makoachi wote wawili. Wenzake walipojifunza kumtazama kila saa, Cousy aliongoza NBA, ligi kubwa ya basketi ya Amerika, kwa pasi zinazozaa panye sezoni 8 mfululizo, 1953 mpaka 1960, na mechi moja ya 1959 alitoa 28. Kwa hiyo si ya kujionyesha, beki akisimama mbele yako na mwenzako eko wazi upande ule, nyuma ya mgongo njo njia fupi. Fanya mazoezi na mwenzako mmoja mpaka asiikose, halafu muonyeshe koachi kwa heshima, siku ya mazoezi, si kwenye mechi.

Tuje kwa "kila kitu". Sezoni zake 6 za kwanza hakupata hata kombe moja, wafungaji walikuwepo lakini mtu wa kuchukua mpira chini ya panye hakuna. Bill Russell, mchezaji mrefu wa chini ya panye, alipokuja Boston mwishoni mwa 1956 akaanza kuunyakua na kumtupia Cousy mbio, basi makombe 6 mpaka alipostaafu 1963.

Mimi nampendea pia kitu mzee hakukuambia. Mwaka 1954 aliandikia wachezaji wa kila ekipi wafanye sendika, juu walikuwa wanachezeshwa mechi nyingi za maonyesho bila kulipwa vizuri, akawa prezida wa kwanza. Wenye ligi waliwatambua 1957, mwaka uleule alichaguliwa mchezaji bora wa NBA.