Besi pasivu na besi aktivu kwenye saundi kadi: tundu gani, kebo gani, gaini kiasi gani

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: una magitaa mawili ya besi, saundi kadi moja (kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) na kebo moja. Ile aktivu, yenye betri, inaingia safi. Pasivu, isiyo na betri, inasikika kama imefunikwa blanketi, na umeshaambiwa ubadilishe pikapu (kinasa mlio kilicho chini ya waya za gitaa). Usinunue kitu kwanza. Angalia umechomeka kwenye tundu gani, maana dalili hizo karibu kila mara ni za besi pasivu iliyochomekwa kwenye LINE, tundu la vifaa vinavyotoa sauti yenye nguvu tayari.

Pikapu ya pasivu ni sumaku na waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Haina umeme mwingine wowote wa kuisukuma. Ukiipima kwa mita utapata ukinzani wa kama kilo-omu 7 hadi 12, ila hiyo namba inadanganya, kwa sababu koili, yaani huo waya uliozungushwa, inazidi kuuzuia umeme kadiri masafa ya sauti (hezi) yanavyopanda. Chukua pikapu ya kilo-omu 10 na henri 4 (henri ndiyo kipimo cha kizuizi hicho kinachokua na masafa). Kwenye hezi 41, yaani waya wa E ukiwa wazi, henri hizo zinaongeza kilo-omu 1 tu. Kwenye hezi 2,000, pale penye mlio wa kidole na chuma cha waya, zinakuwa kilo-omu 50.

Sasa ichomeke kwenye LINE, ambayo kwa kawaida ina kilo-omu 10. Sauti nzito zinapungua desibeli 6, lakini zile za hezi 2,000 zinapungua kama 15. Ukiongeza gaini (kiwango cha kukuza sauti inayoingia) unavipandisha vyote kwa pamoja, na ule ukali haurudi. EQ, yaani kurekebisha besi na ukali, nayo itakuletea zaidi kelele. Tundu la INST (kwingine limeandikwa Hi-Z, au lina picha ya gitaa) lina karibu mega-omu 1, kwa hiyo pikapu haihisi mzigo. Pengine tatizo lako lote limeishia hapo.

Angalia kadi yenyewe, maana zinatofautiana. Kwenye Behringer UM2 tundu la 1 ni la maiki na laini, na la 2 ndilo la ala. Kwenye Focusrite Scarlett nyingi tundu ni lilelile, unabonyeza INST. Ukisahau kubonyeza, uko LINE. Na tafadhali usitumie adapta ya kuingiza besi kwenye tundu la maiki la pini tatu: lina kilo-omu chache tu, ni baya kuliko LINE, na kama 48V (umeme wa kuwashia maiki) imewashwa unaweza kuusukumia umeme huo ndani ya gitaa.

Kebo nayo inahusika kwa pasivu. Kebo hushika umeme kidogo na kuzima sauti kali; ya kawaida ina kama pikofaradi 100 (kipimo cha hali hiyo) kwa kila mita. Kwa pikapu ile ile ya henri 4, kebo ya mita 3 inaweka kilele cha mlio, ambacho juu yake sauti zinakatwa, karibu na hezi 4,600. Ya mita 10 inakishusha hadi kama 2,500 (nimehesabu kebo peke yake). Kwa kurekodi mezani mita 3 zinatosha. Wengine wanaipenda kebo ndefu kwa sababu inalainisha sauti, sawa, ila iwe umeamua mwenyewe.

Tuje kwa aktivu. Priampu (kikuza sauti kidogo cha betri) iliyo ndani ya gitaa inatoa sauti yenye nguvu, kwa hiyo urefu wa kebo hauisumbui na LINE inaiweza. Matatizo yake ni mengine.

La kwanza ni jeki. Kwenye besi nyingi za aktivu tundu la gitaa ni la stereo, na hasi ya betri imefungwa kwenye mguu wa katikati. Ukichomeka plagi ya mono yenye pete moja nyeusi, shina lake linaunganisha mguu huo na ardhi, na priampu inawaka. Ukitumia kebo ya pete mbili nyeusi, ile ya spika za studio, priampu inaweza isiwake kabisa, au sauti ikatoka nyembamba. Watu wamefungua magitaa na kulehemu upya bure kwa sababu ya kebo tu. Na kwa mfumo huohuo, kebo ikibaki imechomekwa usiku kucha, betri inaliwa usiku kucha.

La pili ni betri kuchoka. Dalili ya kwanza ni noti za nguvu kupasuka huku za taratibu zikiwa safi, na mtu anadhani ni gaini. Betri mpya ya alkalaini inasoma kidogo zaidi ya volti 9. Ikishuka chini ya 8, mimi siirekodi nayo. Besi za volti 18 zina betri mbili. Badilisha zote kwa pamoja.

La tatu ni nguvu kuzidi. Gaini iko sifuri na taa bado nyekundu, hasa ukipiga slepu (kuugonga waya kwa dole gumba)? Rudisha vitufe vya EQ vya gitaa katikati, kisha bonyeza PAD, swichi ya kupunguza nguvu, kama ipo. Kama haipo, hamia LINE. Kwa aktivu hilo ni jambo halali kabisa. Angalizo: besi yenye swichi ya kuzima priampu inageuka pasivu ukiizima, kwa hiyo inarudi INST.

Gaini ipange kwa noti kali kuliko zote za wimbo huo, volyumu ya gitaa ikiwa imejaa. Vilele vikae kati ya desibeli -12 na -10 kwenye mita ya programu ya kurekodi, rekodi kwa biti 24, basi. Hakuna haja ya kuisogelea sifuri.

Kama unarekodi ukumbini na mikisa iko mbali, hapo ndipo DI boksi (kiboksi cha kupeleka sauti ya gitaa mbali kwa kebo ya maiki) inahitajika. Besi pasivu iwekee DI inayotumia umeme, yenye mega-omu 1 au zaidi. Besi aktivu iwekee DI ya transfoma. Transfoma ya 12 kwa 1 inapunguza kama desibeli 22, jambo linaloifaa besi yenye sauti kubwa.

Muungurumo: chomoa chaja ya laptop kwanza. Muungurumo ukikoma, chanzo ni vifaa kuunganishwa na ardhi kwa njia mbili; rekodi kwa betri ya laptop au bonyeza swichi ya ardhi kwenye DI. Usikate pini ya ardhi ya plagi ya ukutani, hata ukiambiwa na fundi. Besi ya mtindo wa Jazz yenye pikapu mbili za koili moja, jaza volyumu zote mbili, mvumo utapungua sana.

Bado ikigoma, weka hapa aina ya kadi na picha ya plagi ya kebo yako.