Rudisha hiyo pedi ya kijani, ndugu, isiguse tapi (zulia) ya sufu!

Ndugu, ngoja kwanza. Umeandika umepata mashini ya kuzunguka ya inchi 17 ya kusafishia sakafu na tapi, kuna mama wa Himbi, hapa Goma, anakungoja Jumamosi na tapi yake ya sufu, muuzaji kakupa pedi ya kijani, ile duara ya kusugulia inayofungwa chini ya mashini, "juu inatoa uchafu haraka", na sasa unauliza pedi zioshwe vipi na utoze ngapi. Rudisha hiyo pedi leo. Akikataa kurudisha pesa, ibaki ya simenti, lakini kwenye sufu hapana.

Mimi maneno hayo hayo niliambiwa na muuzaji wa Birere. Nilimwambia kabisa kazi ni ya sufu, itafaa? Akajibu pedi ni pedi, tofauti ni rangi tu. Rangi tu! Rangi ndiyo inakuonyesha kazi yake: nyeusi ni ya kung'oa nta ya zamani, kijani ya kusugua sakafu iliyochafuka sana, nyekundu ni nyepesi zaidi, nyeupe ya kung'arisha, na zote hizo ni za sakafu ngumu. Ile ya kijani pitisha kidole utasikia inakwaruza, ndani kuna punje za kusagia zimegandishwa na gundi. Mtu anauza hizo vitu kila siku halafu anakuambia hivyo, huo ni uongo wa kutaka kumaliza stoki.

Nikainunua, nikaenda kwa mteja, nikaanza karibu na mlango, pale panapokanyagwa sana. Povu lilitoka jeusi, mwenye nyumba akafurahi, nikaendelea sebule nzima. Kesho yake tapi imekauka ndipo tukaona: miduara kila mahali, manyoya yamesimama yamechanika, na pale nilipokawia juu ya doa nyuzi zimeshikana zimekuwa ngumu, ukipapasa ni kama blanketi la zamani. Uzi wa sufu una magamba madogo madogo, ukilowa ukapata joto ukasuguliwa, yanashikana na hayaachani tena. Hakuna sabuni wala brashi ya kurudisha hilo, nilijaribu zote. Tapi nikailipa kidogo kidogo, na ule mtaa hakuna aliyeniita tena. Nilipomrudia muuzaji akasema eti nilibonyeza sana! Mashini yenyewe ni nzito, inazunguka mara 150 mpaka 175 kwa dakika, nani ana haja ya kubonyeza?

Kwa hiyo sufu ni pedi laini ya pamba au mikrofaiba, nyeupe ili uone uchafu unavyoingia, basi. Ikamue mpaka isidondoke hata tone, mashini isisimame sehemu moja, upande mmoja ukichafuka geuza, pande zote zikichafuka toa weka ingine. Usiende na pedi moja kwa sebule nzima, utakuwa unahamisha uchafu wa mlangoni kupeleka chini ya kochi.

Na kabla ya pedi yoyote pitisha aspiratere (mashini ya kunyonya vumbi), pole pole, mara nyingi. Hapa Goma tunaishi juu ya lava, ule mchanga mweusi unaingia na viatu unakaa chini kabisa ya manyoya, ukizungusha pedi juu yake hata pedi laini inageuka msasa. Ndiyo maana pedi ikianguka nje usiirudishe kwenye mashini, ikung'ute, isuuze kwanza.

Kuosha: maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, suuza mpaka maji yatoke meupe, anika ikauke kabisa, usiiache imelowa kwenye ndoo itanuka. Ile dawa ya kulainisha nguo usiweke, inaziba mikrofaiba isinyonye tena. Javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, hata usiikaribishe, inayeyusha sufu, na ikibaki kwenye pedi itaenda kwenye tapi ya mtu. Poda ya kufulia pia acha, ni kali mno, sufu inataka sabuni ya pH (kipimo cha asidi na magadi) ya 5 mpaka 8 hivi.

Halafu hujasema umejuaje kama ni sufu kweli. Omba mwenye nyumba ruhusa, vuta uzi mmoja pembeni, uchome nje na kiberiti. Ukinuka nywele zilizoungua na majivu yakapondeka kwa vidole, ni sufu. Ukiyeyuka ukawa kidonge kigumu, ni plastiki. Fanya hivyo kabla ya Jumamosi, uandike hapa umepata nini, na uweke picha ya pedi utakayokuwa umenunua.