Jibu: Uhusiano wa 0.79 katika picha za ubongo za watu 24, uandikwe kwenye tasnifu?

Ndugu yangu wa Iringa, umeeleza kwamba ulipakua kutoka OpenNeuro, hifadhi ya mtandaoni ya data za ubongo, picha za fMRI (zinazoonyesha shughuli za ubongo) za watu 24, ukalinganisha kila vokseli (kipande kidogo kabisa cha picha ya ubongo) na alama zao za mtihani wa kumbukumbu, ukabakiza vokseli zenye p (uwezekano wa kupata uhusiano mkubwa hivyo kwa bahati tupu) chini ya 0.001, kisha ukachukua wastani wa eneo lililobaki na kupata r (kipimo cha uhusiano, ambapo 0 ni hakuna na 1 ni kamili) ya 0.79, na sasa msimamizi wako anataka namba hiyo iwe kiini cha sura ya matokeo. Mimi huchambua data za tafiti za afya hapa Mbeya, na wanafunzi huniletea kazi za namna hii, kwa hiyo nakujibu bila kuzunguka: usiiandike kama kipimo cha nguvu ya uhusiano, kwa kuwa sehemu kubwa ya namba hiyo imetokana na mchujo wako mwenyewe.

Fuata hesabu hii. Kwa watu 24, ili vokseli ivuke kizingiti cha 0.001, r yake haina budi kufika takriban 0.63. Kwa hiyo, kabla hujafungua hata picha moja, ilikuwa imekwisha kuamuliwa kwamba chochote kitakachobaki kitakuwa juu ya 0.63, hata kama uhusiano wa kweli ni 0.1 au haupo kabisa. Ni kama mkulima wa Uyole kupima viazi alivyokwisha kuvichambua kwa ukubwa, kisha akatangaza kwamba huo ndio wastani wa shamba lote. Edward Vul na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 2009, na makala yao ilizua ubishi mkali kwa sababu iligusa tafiti nyingi zilizokuwa zimekwisha kuchapishwa.

Wanafunzi wanaonijia huwa nawaomba wafanye jaribio moja kabla ya kuendelea, nami nakuomba ulifanye wewe pia, kwani halihitaji kompyuta kubwa. Tengeneza namba za bahati nasibu za watu 24 katika safu 100,000, tengeneza na alama bandia za kumbukumbu, kisha tafuta safu yenye r kubwa kuliko zote. Kwa kawaida huvuka 0.75, ilhali ndani yake hamna ubongo wala kumbukumbu. Vokseli halisi hufanana na jirani zake, hivyo kilele, yaani r kubwa kuliko zote, hushuka kidogo, lakini 0.79 yako bado iko jirani kabisa na kile ambacho bahati tupu inaweza kuzaa.

Umesema pia kwamba programu ililipitisha eneo lako kwa kigezo cha ukubwa wa kundi la vokseli, yaani eneo hukubaliwa ikiwa vokseli zilizobaki zikiwa zimeshikana ni nyingi vya kutosha. Anders Eklund, Thomas Nichols na Hans Knutsson walikipima kigezo hicho mwaka 2016 kwa picha za watu waliokuwa wamepumzika tu, wakaona kwamba matokeo ya uongo, yaliyotakiwa kuwa asilimia 5, yaliweza kufika asilimia 70. Hali ilikuwa mbaya zaidi kwa kizingiti legevu cha 0.01, na kwa 0.001 uliyotumia ni nafuu. Hata hivyo, kigezo hicho kikifanya kazi vizuri huonyesha tu kwamba huenda kuna kitu mahali fulani ndani ya kundi hilo. Ukubwa wa uhusiano hakiupimi.

Ningekuwa wewe ningetumia mbinu ya kuchanganya alama. Wagawie watu alama zao upya bila mpangilio, rudia uchambuzi wa ubongo mzima, hifadhi r kubwa kuliko zote, na fanya hivyo mara 5,000. Kisha tazama kilele chako cha kweli kinaangukia wapi kati ya hivyo 5,000. Ikiwa kompyuta yako inalemewa, gawanya ubongo katika maeneo 400 ya ramani ya Schaefer na ufanye kazi na wastani wa kila eneo. Kuigawa sampuli nusu kwa nusu, moja ya kuchagua eneo na nyingine ya kulipima, sikushauri, maana watu 12 kila upande hawatoshi kukuonyesha chochote. Na kurudi sasa kuchagua eneo lile lile kutoka kwenye atlasi (ramani ya maeneo ya ubongo), ukisema ulilitarajia tangu mwanzo, hakukuokoi, kwa sababu macho yako yamekwisha kuliona.

Angalia pia kama waliopata alama za chini ndio waliotikisa kichwa zaidi ndani ya mashine, kwani mtikisiko pekee unaweza kuzaa uhusiano wa uongo.

Msimamizi wako ana haki ya kuuliza utabaki na nini. Mpelekee kazi ya Scott Marek na wenzake ya mwaka 2022, iliyotumia data za watu wapatao 50,000 na kuonyesha kwamba uhusiano wa kweli kati ya ubongo na tabia za watu kwa kawaida ni mdogo sana, kiasi cha kuhitaji maelfu ya washiriki. Halafu mpendekezee kwamba sura hiyo iwe ya uchunguzi wa awali: ramani nzima ichapishwe bila kufichwa vokseli zilizoshindwa, hatua zote za uchambuzi ziwekwe kwenye kiambatisho, na eneo ulilolipata liandikwe kama nadharia tete ya kupimwa kwa data nyingine. Data hiyo ya pili itafute mapema, na mpango wa kuichambua uutie tarehe na saini ya msimamizi kabla hujaifungua.