Nichukue mkopo wa chuo au nisubiri polisi na cheti cha fomu siksi?

"Shangazi shikamoo. Nina miaka 20, nipo Ujiji, nimemaliza fomu siksi mchepuo wa HGL na JKT nimepita kambi ya Bulombora. Nimechaguliwa chuo Dar, digrii ya usimamizi wa sheria miaka mitatu, bado sijathibitisha, mkopo wa bodi ya mikopo nimeomba ila majibu hayajatoka. Ndoto yangu ni upelelezi. Baba anauza dagaa Kibirizi, anasema deni la bodi litanila mshahara mpaka nizeeke, bora nisubiri nafasi za polisi na cheti changu. Kaka yangu mtoto wa baba mkubwa ana digrii ya sheria na yupo tu Mwanga anauza vocha. Nimechanganyikiwa, nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Kwanza baba yako usimwone kama anakurudisha nyuma, anachokisema amekisikia kwa watu wenye uchungu wa kweli. Sheria ya bodi ilibadilishwa 2016 makato yakapanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara, na kipindi hicho kulikuwa na ile tozo ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, mtu anakatwa mwaka mzima akiangalia salio halishuki. Walimu wangapi wamelia na hilo jambo! Ila mwambie mzee kwamba ile asilimia 6 ilifutwa 2021, pamoja na faini ya asilimia 10 ya waliochelewa kulipa, ile 15 ndiyo ipo mpaka leo. Kwahiyo deni lako halitakuwa linazaa ukiwa umekaa nyumbani unatafuta kazi, na unapewa miaka miwili baada ya kumaliza chuo kabla ya kuanza kurejesha.

Sasa chukua karatasi ukae na baba mpige hesabu. Tuseme umeajiriwa serikalini kwa laki nane, naiweka tu iwe rahisi kuhesabu. Bodi wanachukua 120,000, mfuko wa pensheni 40,000, bima ya afya 24,000, kodi 68,000, mkononi unabaki na 548,000. Hapo hujapanga chumba, hujamtumia mama chochote. Na kama mkopo wote ulikuwa milioni 10, kwa 120,000 kila mwezi unamaliza kwenye miaka saba hivi. Kwahiyo kuzeeka nalo hapana, ila miaka saba ya ujana wako ni mingi na lazima uijue kabla hujasaini. Tena kumbuka bodi wanaweza wasikupe asilimia zote, kinachobaki ni baba na dagaa zake, hilo muulize wazi anaweza kiasi gani, usije ukakwama mwaka wa pili ukarudi na deni bila cheti, maana hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote.

Ila mimi kinachonipa wasiwasi zaidi ni hiyo karatasi utakayotoka nayo. Digrii ya usimamizi wa sheria ni nzuri kwa mtu anayetaka vyombo, yaani polisi, magereza, uhamiaji, TAKUKURU, wale wa kupambana na dawa za kulevya. Lakini haikufanyi wakili wala hakimu, kwasababu Law School, ile shule ya kuandaa mawakili, wanataka mwenye LLB, yaani digrii yenyewe ya sheria. Na ukiingia polisi na digrii yako bado unaenda depo, yaani chuo cha mafunzo ya polisi Moshi, na wenzako wa fomu foo, upelelezi unakuja baadaye kwa kozi na kwa kupangiwa, hamna anayekukabidhi jalada la mauaji siku ya kwanza eti kwakuwa una digrii. Halafu kuendesha kesi mahakamani kazi hiyo inahama kutoka kwa polisi kwenda kwa mawakili wa serikali, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ipo tangu 2018.

Ndio maana mimi ningekuwa wewe ningejaribu LLB dirisha la udahili la TCU, tume ya vyuo vikuu, likiwa bado wazi, kama pointi zako zinaruhusu. Ni miaka minne, huo mwaka wa ziada ukiuweka milioni tatu na nusu za ada na boom, yaani hela ya kujikimu ya mkopo, ni kama miaka miwili na miezi mitano ya makato juu ya ile saba, ni hela nyingi sikufichi. Lakini kwa karatasi hiyo unaomba polisi, uhamiaji na TAKUKURU vilevile, na mlango wa uwakili na uhakimu unabaki wazi. Najua utaniambia mbona kaka yako anauza vocha. Ni kweli, na Law School yenyewe ni ngumu, 2022 walifanya mtihani watu 633 wakafaulu moja kwa moja 26, nchi nzima ilishtuka. Muulize yeye alikwamia wapi hasa, ni Law School, ni ada, au hakuomba nje ya uwakili kabisa? Jibu lake litakusaidia kuliko langu maana kaipita hiyo njia.

Wazo la baba nalo silitupi. Polisi na cheti cha fomu siksi ni mshahara mapema bila deni hata shilingi, na digrii unaweza kuja kuisoma Chuo Kikuu Huria ukiwa kazini mwajiri akikuruhusu. Shida ni kwamba nafasi hazitangazwi kwa kalenda yako, unaweza ukasubiri Ujiji mwaka, miwili, na umri wa fomu siksi kwa kawaida wanaishia miaka 25. Kwahiyo kusubiri mikono mitupu nakukatalia kabisa. Na mwanangu hili nakwambia kama mama, matangazo yao huwa yanataka ambaye hajaolewa na hana mtoto, kwahiyo chuo au nyumbani jilinde.

LLB ikigoma na moyo wako kweli upo kwenye upelelezi, thibitisha hiyo uliyopata, usiiache ipotee. Boom ikiingia usiigeuze simu mpya. Na kabla ya yote nenda ofisi ya uhamiaji hapo mjini au kituo cha polisi, tafuta dada mmoja aliyeingia na digrii, muulize alianza na cheo gani na mwisho wa mwezi anabaki na ngapi, halafu mpelekee baba hiyo namba kabla dirisha halijafungwa.