Kabla hujampa ndugu yako figo

Mwaka 2019 nilimpa mdogo wangu figo. Swali lililonichosha kuliko sindano zote lilikuwa hili: "Na kazi yako je?" Mimi ni seremala. Nabeba mbao, nasukuma randa kutwa, na nyumbani walishaona mkate wetu umeisha.

Siku za kusubiri majibu ya vipimo ndipo nilipozisoma habari za Frank-Walter Steinmeier, Rais wa Ujerumani. Kilichonivuta kwanza ni kwamba baba yake naye alikuwa seremala. Alizaliwa Detmold mwaka 1956, akasomea sheria Giessen, akawa mkuu wa ofisi ya Kansela Gerhard Schröder, kisha waziri wa mambo ya nje. Mwaka 2009 aligombea ukansela, chama chake cha SPD kikaambulia asilimia 23. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaongoza wabunge wa chama hicho upinzani, chama kikiwa bado kinauguza kidonda, alipowaambia waandishi wa habari Agosti 2010 kwamba anampa mkewe, jaji Elke Büdenbender, figo yake moja. Alikuwa na miaka 54. Oktoba akarudi kazini.

Nilimsomea mama. Alinyamaza kidogo, akasema, "Msomee na baba yako."

Wewe unayewaza jambo hili, fanya alivyofanya Steinmeier: watangazie mapema wanaokutegemea. Mimi nilijikausha. Wateja wawili walikuwa wameshanipa malipo ya awali ya makabati, nikaja kuwapigia nikiwa kitandani hospitali, sauti haitoki. Wangenielewa kama ningewaambia kabla.

Daktari akikutaka mkae faraghani, wewe na yeye tu, mweleze ukweli wote. Kama moyo unasita, sema. Una haki ya kughairi hata siku ya upasuaji, na ndugu hawana haja ya kujua sababu.

Halafu pumzika kwelikweli. Niliambiwa nisinyanyue kizito kwa wiki 6. Wiki ya tatu nikajipima kwa ubao wa mninga. Maumivu yalinikalisha chini kwenye maranda, kijana wangu wa kazi akaja mbio. Weka akiba ya chakula cha miezi miwili kabla hujaingia chumba cha upasuaji. Baada ya hapo, pima presha na figo kila mwaka, na usijinunulie diklofenaki mgongo ukiuma, maana dawa za namna hiyo huumiza figo. Hili la mwisho mafundi wenzangu tunalipuuza sana.

Steinmeier aliingia Ikulu mwaka 2017, akachaguliwa tena 2022. Novemba 2023 alikuja Songea, akaomba msamaha kwa wajukuu wa waliouawa katika vita vya Majimaji. Tulikuwa tunatazama taarifa ya habari, mdogo wangu na mimi, sahani za ugali mapajani.

"Huyo naye ana moja," akasema, akaongeza mboga.