Usimpe mtoto pipi bado, mpe mgeni kazi nyingine

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mtu haingii mikono mitupu kwenye nyumba yenye mtoto mdogo. Anashuka kwenye taksi, anapita kioski cha kona, ananunua biskuti na bombo, yaani pipi, ndipo anapiga hodi. Mtoto hata kukaa hajajua, zawadi yake imeshafika. Ukiikataa, umemkataa mgeni. Ukiipokea na kuiweka juu ya kabati, kabla hajaaga atauliza: "Lakini mtoto hajaonja?"

Mimi ndiye ninayeshinda na watoto wetu, maana mke wangu anavuka mto Ruzizi asubuhi kwenda Kamembe, upande wa Rwanda, kwa biashara na kurudi jioni. Kwa hiyo mambo ya sukari yameniangukia mimi, tena katika ua uliojaa mama na shangazi wanaoamini mwanaume hajui lolote kuhusu kulea. Msimamo wa nyumba yetu ni huu: kabla ya miaka miwili hakuna pipi, hakuna biskuti, hakuna soda, hakuna chai ya sukari. Baada ya hapo ni kidogo, na kwa siku yake. Si maneno yetu wenyewe. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto anyonye bila kupewa kitu kingine hadi miezi sita, kisha ale huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Mwongozo wake wa 2023 kuhusu watoto wa miezi 6 hadi 23 unasema wazi kwamba vyakula vya sukari nyingi na vinywaji vilivyotiwa sukari viepukwe.

Kanuni yenyewe haina ugumu. Ugumu uko kwa watu, na watu hao wanampenda mtoto.

Nianze na maji ya sukari, kwa kuwa ndiyo yanayotangulia. Mtoto amezaliwa usiku, mama yuko hoi, wanasema maziwa hayajashuka, mtoto analia. Koko, yaani bibi yake mtoto, anachemsha maji, anatia sukari, anachukua kijiko. Ameona hivyo tangu ujana wake na watoto wake wako hai, utamwambia nini? Lakini ukiangalia jambo lenyewe linavyokwenda, kijiko kile ndicho kinacholeta shida ambayo koko anadhani anaiondoa. Yale maziwa ya kwanza, mazito, ya rangi ya njano, ni machache, lakini yanatosha kwa sababu tumbo la mtoto siku ya kwanza ni dogo sana. Ukilijaza maji ya sukari, hana haja ya kunyonya. Asiponyonya, titi halichochewi kutengeneza maziwa. Siku ya tatu ndugu wanakaa kikao: mama huyu hana maziwa. Atayapata wapi, na mtoto mmemshibisha ninyi? Na katika mji wetu huu ambamo kipindupindu hakiishi kubisha hodi, kila kikombe na kila kijiko kinachoingia mdomoni mwa kichanga ni mlango wa kuharisha.

Mama mkwe wangu alikuja na sukari yake kwenye pochi. Sikumwambia hapana. Nilimwambia, "Mama, huyu mtoto hashiki titi vizuri, na mimi sijui namna ya kumgeuza. Umsaidie binti yako." Akanawa mikono, akaketi kitandani, akamlaza mtoto tumbo kwa tumbo na mama yake, akangoja mdomo ufunguke wazi kabisa ndipo akamsogeza, kidevu kikagusa titi. Alijua kuliko sisi wote. Sukari ilirudi naye nyumbani na hakuna aliyeitaja. (Mtoto mchanga akiwa mlegevu, anatetemeka, baridi, au hataki kunyonya kabisa, hayo si ya koko wala ya baba. Sukari ya damu inaweza kuwa imeshuka, mkimbizeni hospitali huku mkimbana kifuani kwa mama yake apate joto.)

Kuna wanaonibishia kwa hoja nzuri: mbona mtoto akiharisha wanatuambia tumpe maji ya sukari na chumvi? Ndiyo, na mpeni. Pale sukari ni dawa, inasaidia utumbo kufyonza chumvi na maji. Ila vipimo vyake ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu, si kwa kukisia. Pakiti ya ORS, yenye chumvi na sukari zilizopimwa tayari, ni bora zaidi kama ipo, pamoja na vidonge vya zinki, na kichanga anaendelea kunyonya. Wengine wananitajia plampi, ile karanga tamu ya kwenye pakiti inayotolewa kwa watoto wenye utapiamlo mkali. Hiyo nayo ni matibabu ya mtoto aliyepimwa, ina maziwa, mafuta na vitamini. Kuikuta sokoni imegeuzwa kitafunio cha watoto wanene kunanikera, kwa sababu kila pakiti ile ina mtoto wake aliyekonda mahali fulani.

Sasa mtoto ametimiza miezi sita, anakaa, anatazama midomo ya watu wakila. Hapa ndipo biskuti inapoingia kwa ujanja. Inachovywa kwenye chai hadi inalegea, inayeyuka mdomoni, mtoto hahitaji meno, na anameza bila kubisha. Watu wanasema: amekula. Amekula unga mweupe na sukari, na chai juu yake, na majani ya chai yanazuia mwili usipate madini ya chuma kutoka kwenye chakula. Mtoto wa umri huo anahitaji chuma kingi, akiba aliyozaliwa nayo inaisha. Tumbo lake ni dogo. Biskuti ikikaa mle, uji wenye maana haupati nafasi, na jioni utasikia mtoto huyu hapendi kula.

Sisi tunapika uji wa mahindi, soya na mtama, tunatia kijiko cha sambaza, visamaki vidogo vya ziwani, zilizokaushwa na kusagwa laini. Wa kwanza kuonja uso wake ulikunjamana kama mzee aliyepewa bili. Utamu unatoka kwenye ndizi mbivu iliyopondwa humo humo. Parachichi halihitaji kitu, papai halihitaji kitu, kiazi kitamu kilichochemshwa halikadhalika. Kwa sombe (majani ya muhogo) na lengalenga (mchicha) usikate tamaa mtoto akitema. Chakula kipya kinaweza kuhitaji kuonjwa mara nane, mara kumi, ndipo mtoto akubali. Utamu haufundishwi, anazaliwa anaupenda, na maziwa ya mama yenyewe ni matamu. Uchungu wa majani ndio unaohitaji kuzoewa, na kipindi cha kuzoea ni hiki hiki ambacho watu wanataka kukijaza biskuti.

Asali ni suala la pekee. Watu wanaiona ni ya asili, imetoka vijijini, haina ubaya. Kabla ya mwaka mmoja usimpe mtoto asali hata ya kulamba kwenye kidole, hata kwa kikohozi. Inaweza kubeba mbegu za bakteria inayoitwa Clostridium botulinum, ambazo utumbo wa mtoto mdogo hauwezi kuzizuia zisiote na kutoa sumu. Mtoto anafunga choo, sauti ya kilio inafifia, shingo inalegea, pumzi inaweza kukatika. Kuichemsha kwenye uji hakusaidii.

Na pipi za mviringo, ngumu, pamoja na karanga nzima za kwenye karatasi: hizo si kwa mtoto wa chini ya miaka minne au mitano, sukari au bila sukari. Zinaziba koo. Mkubwa mwenye pipi na mdogo mwenye mkono ulionyooshwa ni hatari kuliko mgeni yeyote, kwa hiyo mkubwa wetu anakula yake mezani, ameketi. Likitokea kwa mtoto wa chini ya mwaka, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, mpige mara tano katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Isipotoka, mgeuze, mkandamize kifua katikati mara tano kwa kitako cha kiganja kimoja, kisha rudia. Usichokoe koo kwa kidole bila kuona kitu chenyewe, utakisukuma ndani.

Wageni je? Nimegundua kwamba anayeleta bombo hataki mtoto ale sukari. Anataka kuona ule uso, mtoto amfurahie yeye. Basi mpe njia nyingine ya kuupata. Wakipiga simu kwamba wanakuja, mke wangu anajibu bila aibu: "Mtuletee ndizi ndogo zile tamu, au mayai, au sabuni." Ndizi ikifika, tunamkabidhi mgeni mtoto na ndizi yenyewe, ammenyee, amlishe kwa mkono wake. Mtoto anacheka, mgeni anacheka, hakuna aliyenyimwa kitu. Aliyeleta pipi tayari tunamshukuru mbele ya watu wote na zinaingia kwenye kopo la wakubwa. Shemeji mmoja alininunia kwa hilo. Alizoea.

Kitu ambacho hata baada ya miaka miwili hatukifanyi ni kumnyamazisha mtoto kwa pipi, kanisani au kwenye taksi, wala kumwambia "maliza ugali upate bombo". Ukifanya hivyo ugali unakuwa adhabu na bombo inakuwa mshahara. Pipi yetu ni ya Jumapili, baada ya chakula, basi, na haihusiani na tabia ya mtu wiki hiyo.

Soda ninaihesabu peke yake. Ina karibu gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 300 ni gramu 30, vijiko saba vya chai na zaidi. Mtoto wa miaka miwili au mitatu anayekula kama kilokalori 1,000 kwa siku, kiwango cha juu cha sukari cha Shirika la Afya Duniani, asilimia 10 ya kalori hizo, kinamfikisha gramu 25 tu. Chupa moja kwenye harusi imeshavuka. Tunampimia vidole viwili kwenye kikombe, na chupa inakwenda kwa wakubwa.

Meno yaanze kusuguliwa siku linapochomoza la kwanza, kwa dawa yenye floridi kiasi cha punje ya mchele hadi afikishe miaka mitatu, na usiku asilale na chupa ya kitu kitamu mdomoni. Inua mdomo wa juu wa mtoto mara kwa mara uangalie. Ukiona mstari mweupe uliofifia kwenye meno ya mbele, pale yanapokutana na ufizi, huo ndio mwanzo wa kuoza, na hapo bado panaweza kuokolewa. Mpeleke kwa daktari wa meno wakati huo. Msiambiane kwamba ni meno ya maziwa, yatang'oka tu, maana magego ya utotoni yanakaa hadi mtoto ana miaka kumi au kumi na miwili, na miaka yote hiyo anatafuna kwa hayo.